Sura ya Nne: Tone la Kijani

Kwa mujibu wa stakabadhi ya duka, mtu aliyeleta chapa ile ya kale ya Bikira kuuzwa alikuwa Crispulo Dimaculangan, sakristani, mkazi wa San Aquilino. Alitia saini siku ya Ijumaa, tarehe kumi na mbili Machi 2004, akiwa na miaka ishirini tangu azikwe.

Sajini Iluminada Dimaculangan, ambaye nyumbani huitwa Luming na kituoni haitwi chochote kwa sauti ya juu, alilisoma jina lile mara mbili.

"Ni jamaa yako?" aliuliza Bwana Sytangco, mwenye duka. "Naona majina yanafanana."

"Baba yangu."

"Oo. Anaendeleaje?"

"Kwa utulivu."

Ilikuwa Jumatatu ya Juma Kuu, saa tatu asubuhi, katika mtaa wa maduka ya vitu vya kale pale Ermita, Manila. Upande mmoja wa duka walisimama watakatifu wasio na vichwa, upande wa pili vichwa visivyo na watakatifu, na Bwana Sytangco alikaa katikati kama mtu aliyepewa jukumu la ufufuo lakini hajaamua aanze na nani. Juu ya meza, kwenye kitambaa cheusi, ililala karatasi moja yenye ukubwa wa sinia dogo. Mama Yetu wa Ziwani alisimama juu ya maji kwa utulivu wa mwenye nyumba, mamba mdogo akiwa miguuni pake kama paka. Chini yake askofu fulani wa mwaka 1743 aliahidi siku arobaini za rehema kwa kila atakayesali Salamu Maria mbele ya picha hii. Mistari yote ilikuwa imechongwa kwenye bamba la shaba na mchongaji mmoja wa Kitagalogi mwenye mkono usiotetemeka, kisha ikachapwa. Nakala zilizobaki duniani, kwa hesabu ya Bwana Sytangco, ni mbili. Nyingine imeliwa nusu na mchwa.

"Nakwambia ukweli, Sajini. Mimi ni mtu wa haki. Nikiletewa mtakatifu huwa siulizi katoka mbinguni au kwa jirani."

"Aliyeileta yukoje?"

"Mzee. Mnene. Kofia hadi kwenye nyusi, miwani nyeusi. Na kiziwi. Kila neno nimpigie kelele mara mbili, 'Ati nini? Ati nini?' mpaka jirani akaja kuamua ugomvi. Lakini mikono yake safi kabisa. Alifungua fundo la kamba mwenyewe, vidole kumi, taratibu, kama anafungua zawadi."

Luming aliandika: mnene, kiziwi, vidole kumi. Kisha akavaa glavu.

"Igeuze."

"Nyuma hapafai kuangaliwa. Pachafu, nta tupu. Fundi wangu wa karatasi anakuja saa nane kuikwangua, mnada ni wiki ijayo."

"Igeuze, Bwana Sytangco."

Nyuma ya karatasi kulikuwa na matone ya nta, madogo kama dengu, yamepangwa kwa mistari ya kumi kumi. Luming alitoa kioo cha kukuzia, akatoa kalamu ya risasi, akaanza kuhesabu huku midomo ikicheza. Alipomaliza akarudia kutoka chini kwenda juu. Bwana Sytangco akafikiri anasali, akavua kofia.

"Ile chapa ilikuwa ya kanisa letu," alisema Luming bila kuinua macho. "Mlima ulipolipuka mwaka 1911, kijiji kikapona, wazee wakaweka nadhiri. Kila Jumamosi Kuu mshumaa wa Pasaka wa mwaka uliopita unapoondolewa, sakristani anachukua kipande kilichobaki, anadondosha tone moja nyuma ya Mama. Tone moja kwa mwaka. Mwaka ukirukwa, nyumba inayomiliki chapa inazika mtu kabla ya Pasaka nyingine. Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi ni polisi. Tone la sabini, la mwaka 1980, nilimshikia baba taa. Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata, Jumatano ya Juma Kuu, chapa ikapotea kwenye droo ya sakristia. Funguo zilikuwa mbili, ya padri na ya baba. Padri hakuulizwa."

"Kwa hiyo matone yawe sabini."

"Yapo tisini na matatu."

Bwana Sytangco, ambaye kazi yake yote ni kuuza miaka, alihesabu miaka kwa vidole. "Mpaka Pasaka ya mwaka jana."

"Baba alikufa Mindoro mwaka 1984. Huko alihamia baada ya watu kuichukua kanzu yake ya sakristani kwenye kamba ya kuanikia, wakaivisha sanamu ya Yuda, ile inayojazwa fataki kila Pasaka, wakailipua mbele ya kanisa." Alisogeza kioo. "Aliyeiba ni mtu wa kwetu. Mgeni angeuza siku ile ile. Huyu aliiweka ndani miaka ishirini na mitatu, na kila Jumamosi Kuu akaogopa, akatia tone. Sasa angalia hapa. La themanini na moja."

Tone la kwanza la mstari wa tisa lilikuwa la kijani kibichi.

Mwaka 1990 parokia ya San Aquilino ilikuwa na padri mzee asiyetofautisha rangi. Aliagiza mshumaa wa Pasaka kwa barua, kiwanda kikakosea, naye akaubariki mshumaa wa kijani kwa uhakika wote mbele ya waumini mia sita waliokaa kimya kwa heshima. Mwaka mzima kanisa lilinuka kama sabuni ya kufulia. Ulipoondolewa, Jumamosi Kuu ya mwaka 1991, kilibaki kipande kimoja tu, na mshumaa kama ule haujawahi kuonekana tena, shukrani kwa padri mpya.

"Nani alipata kile kipande?" aliuliza Bwana Sytangco, ambaye sasa alikuwa amesahau kuwa yeye ni mtuhumiwa.

"Ndilo swali." Luming aliifunika chapa, akaitia kwenye bahasha ya ushahidi. "Wizi wenyewe sheria imeshausahau, miaka imepita mno. Kughushi saini ya maiti ni kosa la mwezi uliopita. Kwa hilo nitamfunga."

"Basi umeshinda."

"Atafungwa kwa kughushi. Watu watasema kaghushi tu, mwizi ni yule yule Crispulo. Nataka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, San Aquilino nzima ikisikia. Fundi wako mwambie abaki nyumbani."

*

Mpiga kengele wa San Aquilino, Mang Tibo, ni mzee mnene na ni kiziwi. Kwa hiyo jioni ile ile Luming alimkuta chini ya mnara, akakaa naye kwenye ngazi. Mahojiano hayo yalikuwa ya siri, na yalisikika hadi sokoni.

"Mang Tibo, tarehe kumi na mbili Machi ulikuwa wapi?"

"Ati nini?"

"Machi. Kumi na mbili. Ijumaa."

"Ijumaa sili nyama."

Muuza samaki wa ng'ambo ya barabara akamsaidia kutafsiri kwa ishara. Mang Tibo akaelewa, akainua mkono wa kulia. Ulikuwa ndani ya plasta tangu kiwikoni hadi kwenye ncha za vidole, na watoto wa katekisimu walikuwa wameuandika majina yao yote.

"Kamba ilikatika tarehe kumi. Nikashuka ngazi bila kuzikanyaga. Hospitali wiki mbili. Hata kijiko nalishwa na shemeji yangu, ananilisha kama anapaka chokaa."

Luming alifuta jina lake kwenye daftari. Mtu wa dukani alifungua fundo kwa vidole kumi.

"Mshumaa wa kijani, Mang Tibo. Kipande chake kilikwenda wapi?"

"Pale vinapokwenda vyote. Kwa Hermano Leoncio. Mimi ndiye ninayempelekea kila Jumamosi Kuu, mkononi mwake, yeye kama hermano mayor ndiye analipia sikukuu, basi kipande ni chake. Anakipima kwa rula, ananiambia, mwaka huu kifupi, Tibo, umekitafuna. Miaka ishirini na sita hajaacha kuniambia hivyo."

"Kuna mtu anayeweza kuigiza uziwi wako?"

Swali hili Mang Tibo alilisikia mara ya kwanza.

"Yeye huyo huyo. Kwenye ulingo wa majogoo, jogoo wake akishindwa, mtu akimwambia alipe, anaweka mkono sikioni. 'Ati nini? Ati nini?' Watu wanakufa kwa kucheka. Nami nacheka, nifanyeje, si mfadhili." Akajikuna ukingo wa plasta. "Kwani kaniigiza wapi tena?"

"Manila."

"Hata Manila," alisema Mang Tibo, kwa masikitiko ya msanii aliyeibiwa wimbo.

*

Hermano Leoncio Maralit alikuwa na kiuno cha inchi arobaini na nne, mjukuu wa miezi miwili, na gari jipya la fedha la kumbebea Bikira kwenye maandamano, lenye taa mia moja na malaika wanne waliofanana naye. Gari lilikuwa limefika wiki iliyotangulia. Namna ya kulilipia alikuwa ameipata mwezi Machi. Kwa ufupi, alikuwa amempeleka Bikira mnadani ili amnunulie Bikira usafiri.

Alikuwa pia baba wa ubatizo wa Luming. Kwa hiyo Jumanne asubuhi Luming aliuchukua mkono wake, akauinamia, akaugusisha kwenye paji la uso wake kama mtoto mwenye adabu.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umekonda. Huko polisi hawali?"

"Wanakula, baba. Wanakula sana."

Walikunywa kahawa. Kwenye kabati la kioo vilisimama vipande ishirini na sita vya mishumaa ya Pasaka, kila kimoja na mwaka wake kwenye karatasi. Ishirini na tano vilikuwa na rangi ya siagi. Kimoja kilikuwa cha kijani, na utambi wake ulikuwa mweusi na safi kama wa kitu kilichowashwa mara moja tu kisha kikahifadhiwa.

"Nimekuletea habari njema," alisema Luming. "Mama Yetu kapatikana."

Kikombe cha Hermano kilitua kwenye kisahani chake bila kulia. Kwa mtu mnene hilo ni jambo la ustadi.

"Mungu mkubwa. Wapi?"

"Dukani Manila. Mnada haujafanyika. Keshokutwa nairudisha sakristia, kwenye droo yake ile ile. Ikae pale mpaka kesi iishe."

"Na aliyeiuza?"

"Hajauza. Ndiyo bahati. Alipewa stakabadhi tu, fedha ya utangulizi kidogo. Kisheria mpaka leo ni mali ya aliyeipeleka dukani. Yeye ndiye anayeimiliki, hata akiwa mwizi."

Hermano alitazama dirishani. Nje mkwewe alikuwa anambembeleza mtoto.

"Na Jumamosi hii," alisema polepole, "tone litatiwa na nani?"

"Hakuna tone. Mtaalamu wa Manila kakataza nta, inaharibu karatasi. Mambo ya zamani hayo, baba. Nani anayaamini siku hizi?"

"Wazee waliweka nadhiri."

"Wazee wamekufa."

"Nina mjukuu wa miezi miwili, Luming."

"Kazuri," alisema Luming, akainuka, akamwinamia tena mkono. "Katakua."

*

Nyumbani, mama yake Luming, Aling Sepa, alikuwa mbele ya cherehani. Huyu mama ni mshonaji, na kwa miaka kumi na tisa tangu arudi kutoka Mindoro hakuwahi kupita mlango mkubwa wa kanisa. Misa huisikilizia nje, dirisha la kusini, amesimama na mwavuli, jua au mvua. Mapadri watatu wameshamwomba aingie. Huwajibu wote kwamba ndani kuna joto.

Kila mwaka nguo za Yuda hushonwa nyumbani kwa Hermano, na kila mwaka ni kanzu nyekundu ya sakristani. Mwaka huu Padri Abundio, kijana aliyefika mwaka jana na mwenye ujasiri wa mtu ambaye bado hajazoea, aliipeleka kazi kwa Aling Sepa, baada ya mazungumzo mafupi na polisi.

"Kanzu?" aliuliza Aling Sepa.

"Hapana, mama. Shati la barong, la sherehe. La nyuzi za nanasi, lenye darizi kifuani," alisema Luming.

"Yuda gani anavaa barong? Kiuno?"

"Inchi arobaini na nne."

Mguu wa Aling Sepa ulisimama juu ya kanyagio. Alimtazama binti yake kwa muda unaotosha kutia uzi kwenye sindano, kisha akatia uzi kwenye sindano.

"Darizi ya majogoo," alisema. "Yeye hupenda majogoo."

Usiku wa Jumatano walifanya kazi ya pili mezani. Luming alikuwa amepiga picha ya chapa, akaichapisha kwenye karatasi ya zamani kutoka kitabu cha ubatizo kilichoharibika, kisha akailowesha kwenye kahawa na kuikausha juani. Kwa mbele ilikuwa Mama Yetu wa Ziwani kwa mtu asiyevaa miwani. Kwa nyuma ilikuwa tupu. Aling Sepa aliwasha mshumaa wa kawaida.

"Sabini, mama. Sabini kamili. Kama siku ile baba alipoiweka kwenye droo mara ya mwisho."

"Najua kuhesabu."

Alidondosha sabini. La mwisho mkono wake ulikawia juu ya karatasi, akalidondosha pale lilipotakiwa, akapuliza mshumaa. Chapa yenyewe ya mwaka 1743 ilikuwa imelala kwenye kabati la chuma la kituo cha polisi, kati ya bastola mbili na jogoo aliyekamatwa kama kielelezo.

*

Jumamosi Kuu, saa tisa alasiri, sakristia ilikuwa tupu na yenye joto. Kwa tahadhari ya upelelezi, ndani ya kabati la mavazi ya misa walisimama watu watatu: Sajini Luming, Padri Abundio na Mang Tibo. Mang Tibo hakualikwa. Alisema hatatoka kabatini hata akiburutwa, maana aliyeigizwa ana haki ya kuona mwigizaji, na hapakuwa na muda wa kubishana naye, hasa kwa sauti inayomfaa. Luming alimziba mdomo kwa kiganja. Kabati lilinuka dawa ya nondo na ubani wa miaka mia.

Saa tisa na dakika ishirini ufunguo uligeuka mlangoni. Padri Abundio aligusa mfuko wake: ufunguo wake ulikuwepo. Wa sakristani ulikuwa kwenye mkanda wa Luming. Huu ulikuwa wa tatu.

Hermano Leoncio aliingia kwa ncha za vidole. Alifunga mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo, ya tatu kutoka chini, akaifungua kwa ufunguo ule ule, akatoa karatasi kwenye bahasha. Hakuitazama sura ya Bikira. Aliigeuza kama mtu anavyogeuza mto upande wa baridi. Kutoka mfukoni alitoa kipande cha mshumaa wa Pasaka iliyopita na kiberiti, akawasha, akainamisha mshumaa juu ya mstari wa mwisho.

Mkono ukasimama hewani.

Aliinama. Alisogeza mshumaa kushoto, akausogeza kulia. Alianza kuhesabu, na alihesabu kwa sauti.

"Sabini." Akahesabu upya. "Sabini? Mbona... yangu yako wapi?" Nta ilimdondokea kwenye kidole gumba, hakuihisi. "Kumi, ishirini... Liko wapi la kijani?"

Mlango wa kabati ukafunguka.

"Liko kituoni, baba," alisema Luming. "Na wenzake ishirini na mawili."

Hermano Leoncio alipuliza mshumaa, kana kwamba giza lingemsaidia saa tisa ya mchana.

"Nimekuja kusali."

"Kwa ufunguo wa nani?"

Aliutazama ufunguo kwenye kufuli la droo. Alimtazama padri, akatazama kanzu za misa nyuma ya padri, mwishowe akamtazama Mang Tibo, na huyo ndiye aliyekuwa mgumu zaidi kutazamwa.

"Wanakijiji wote wanajua matone yalikuwa sabini siku ilipoibwa," alisema Luming. "Mtu yeyote wa hapa angeihesabu hiyo, akaridhika. Mmoja tu duniani angeuliza la kijani."

Hermano akakaa kwenye kiti cha maungamo bila kukaribishwa.

"Mke wangu alikuwa na uchungu wa kujifungua," alisema. "Siku mbili. Nikamwomba Crispulo, nipe Mama usiku mmoja tu, niilaze tumboni mwake. Akasema chapa haitoki sakristia. Mbele ya watu. Mimi, hermano, ninayelipia hata mafuta ya taa yake, akaniambia hapana mbele ya watu. Padri alikuwa amelala baada ya chakula, ufunguo uko mezani. Nikachonga mwingine."

"Na mtoto?"

"Akazaliwa salama."

"Mbona hukuirudisha?"

"Ningeirudishaje? Jumapili Yuda alikuwa ameshachomwa."

Nje upepo wa ziwani uligonga dirisha la kusini, lile la mwavuli.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Luming. "Ukashika kiberiti, ukamwasha baba yangu, ukijua."

"Hermano ndiye anayewasha. Ni desturi."

"Ndiyo. Ni desturi." Alitoa karatasi na kalamu, akaviweka juu ya meza ya divai. "Andika yote uliyosema. Na safari hii tia saini kwa jina lako."

Aliandika. Ilichukua nusu saa, kwa kuwa kila baada ya mstari alisimama kumwomba Luming akumbuke kuwa yeye ni baba yake wa ubatizo, na Luming kila mara alimjibu kwamba hilo pia aliandike.

*

Alfajiri ya Pasaka, sanamu ya Kristo mfufuka ilitoka kaskazini, ya Mama yake ikatoka kusini, zikakutana mbele ya kanisa kama kila mwaka. Binti mdogo mwenye mabawa ya karatasi akalivua shela jeusi la Mama, kengele zikapigwa na shemeji wa Mang Tibo, vibaya. Gari jipya la fedha lilibaki kwenye karakana ya Hermano, na lebo ya kielelezo cha polisi imefungwa kwenye kila malaika. Kisha watu wote wakageukia mti wa chuma ambako Yuda huning'inizwa, na kelele zikakatika.

Yuda wa mwaka huo alikuwa mnene. Alivaa barong ya nanasi, majogoo mawili ya darizi kifuani, kofia hadi kwenye nyusi, miwani nyeusi. Fataki zilikuwa zimemjaa tumboni kama chakula cha sikukuu.

Gari la polisi lilikuwa njiani kuelekea mjini. Kwa amri ya Sajini lilisimama uwanjani, mara moja tu, kwa sababu ya desturi. Hermano Leoncio alishuka na pingu mkononi, amevaa shati la kulalia. Alimtazama Yuda, na Yuda, kwa kadiri miwani ilivyomruhusu, alimtazama yeye.

"Sema," alisema Luming.

"Nimeshaandika."

"Hapa wengi hawajui kusoma mwandiko wako. Wameuzoea ukiandika kama marehemu."

Hermano alisema kitu kwenye kola ya shati lake.

"Ati nini?" alisema Mang Tibo. Alikuwa mstari wa mbele, plasta imewekwa nyuma ya sikio.

"Nimesema niliiba mimi."

"Ati nini?"

Watu hawakucheka. Hermano alimtazama Luming, lakini Luming alikuwa anakagua mbingu kama mtu wa hali ya hewa.

"Chapa niliiba mimi," alisema Hermano Leoncio, na sasa hata wavuvi waliokuwa gatini waligeuka. "Crispulo hakuiba kitu. Mimi."

"Aa," alisema Mang Tibo. "Ungesema mapema."

Aling Sepa alitoka kwenye umati na mwavuli wake kwapani. Alimpa Hermano kiberiti. Kwa kuwa pingu zilimbana, alimshikia kisanduku mwenyewe, kwa adabu, na kumsubiri mpaka njiti ya tatu ikashika. Utambi ukakimbia. Yuda alipasuka tumbo kwanza, kisha kifua, jogoo mmoja akaruka hadi paa la shule, na moshi ukawapitia wote bila ubaguzi.

Moshi ulipotulia, paliachwa rundo la majivu na vitambaa. Askari akamshika Hermano kiwiko kumrudisha garini.

"Bado," alisema Aling Sepa.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikika sauti yake ndani ya uwanja ule tangu mwaka 1981.

"Siku ile nilikuja asubuhi, nyie mmelala, nikachambua majivu ya kanzu ya mume wangu. Nilipata kifungo kimoja. Cha shaba. Nimekaa nacho miaka ishirini na mitatu. Jana nimekishona kwenye shati lako, cha tatu kutoka juu." Akaelekeza kwa ncha ya mwavuli. "Kitafute."

Hermano Leoncio alimgeukia binti wa ubatizo wake. Luming alitoa saa yake, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Tuna muda," alisema.

Mzee akapiga magoti. Kwa pingu zake alianza kuchambua, mikono yote miwili, vidole kumi, taratibu. Majivu yalikuwa bado ya moto. San Aquilino nzima ilisimama ikimwangalia, jua likapanda, watoto wakachoka wakaketi chini, na hakuna aliyeondoka. Alipokipata alikifuta kwenye shati lake la kulalia, akakiinua.

Aling Sepa alikichukua, akakipindua kuona upande wa nyuma, akakitia mfukoni. Akamkabidhi Luming mwavuli. Kisha akapanda ngazi za kanisa, akapita mlango mkubwa, akaenda kukaa kiti cha mbele upande wa kulia, mahali ambapo kwa miaka ishirini na sita hukaa hermano mayor.

Ndani kulikuwa na joto kweli.